Kufuli la Mzee Hamira

2 Februari

Mume wangu,

Barua yako nimeisoma mara nne. Ya kwanza kwa haraka, nione kama kuna msiba. Ya pili polepole. Ya tatu kwa sauti, ili kuta nazo zisikie. Ya nne kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kufanya mchana ule.

Kwa hiyo umekuwa msimamizi wa zamu. Wewe, uliyekuwa ukitumwa chumvi unarudi mikono mitupu unalia kwa sababu ya bata wa jirani. Leo watu ishirini na sita wa kiwanda cha mikate wanaingia na kutoka kwa neno lako. Nimecheka peke yangu mpaka nikatafuta pa kukaa.

Mwandiko wangu usiucheke. Shule sikuuona hata mlango wake, unajua. Herufi nilizipata kwenye mashuka ya hospitali, nikizishona pembeni kwa uzi mwekundu, WODI YA WANAUME, WODI YA WAZAZI, ili yasipotee kwenye kufuliwa. Ndiyo maana mpaka leo naandika makubwa makubwa kama mtu anayetundika kibao. Miaka thelathini na moja ya kufua damu za watu, hicho ndicho chuo changu.

Sasa sikiliza maneno ya mtu aliyekula chumvi nyingi. Ukubwa ni jalala. Kila mtu atakuja kumwaga takataka zake kwako, na wewe huna pa kuzimwaga. Salimia watu kabla hawajakusalimia. Usile kabla yao. Na mkubwa wako akisema ndiyo, wewe sema ndiyo. Akisema siyo, sema siyo. Mimi sikufukuzwa kazi hata siku moja, kwa sababu nilijua kwamba mdomo una mlango.

Huyo mzee wako mnayemwita Hamira, aliyekufundisha kazi ulipofika hapo ukibeba magunia, hakununa? Mwanamume kuamrishwa na kijana aliyemfundisha kupima unga si jambo dogo. Mpe heshima yake mbele za watu. Ila mwambie mimi ndiye niliyeanza kukulea, asije akadhani amekuzaa yeye.

Mimi nipo. Redio imeharibika, inasema nusu halafu inanyamaza kama mtu mwenye siri. Likizo yako ni lini?

Ni mimi, mkeo mkubwa asiye na mpinzani


20 Februari

Bibi yangu,

Shikamoo. Mzee Hamira hakununa. Siku yangu ya kwanza alivua kofia ya kazi mbele ya watu wote akasema haya bosi, tuamrishe, lakini ukikosea kipimo cha chumvi nakuchapa. Watu wakacheka, na neno likaishia hapo.

Umeniuliza kazi yenyewe ikoje. Mashine ya kukandia unga ni pipa la chuma ambalo mtu mzima anaweza kuingia akachuchumaa ndani. Katikati kuna mkono wa chuma uliopinda, ndio unaozunguka. Kila zamu inapoisha, mtu lazima aingie akwangue unga uliokauka. Kwa hiyo kabla hujaingia unazima swichi, unapachika kufuli lako kwenye mpini wake, na ufunguo unauvaa shingoni. Mashine haiwezi kuwashwa mpaka utoke uje ufungue mwenyewe. Kila mmoja ana kufuli lake, na kila kufuli lina kitambaa cha mwenyewe. La Mzee Hamira lina kipande cha gauni la njano la marehemu mkewe. Hakuna anayegusa kufuli la mwenzake, hata kwa utani.

Mtu akisahau kufuli akaenda nyumbani, mashine inakaa kimya mpaka afuatwe, na akirudi ananunulia zamu nzima chai. Mzee Hamira ameshatununulia mara mbili mwezi huu. Mara zote mbili nimemfuata kwa baiskeli. Juzi nilimkuta ameketi kizingitini anavua viatu, nikamwita mara tatu kutoka barabarani wala hakugeuka, mpaka nilipomshika bega akaruka kama kuku. Tulicheka njia nzima.

Meneja hakucheka. Hajui ni kufuli la nani, lakini aliona mashine imelala saa nzima. Aliniambia msimamizi anayekimbiza makufuli kwa baiskeli si msimamizi, ni tarishi. Akanipa mkasi mkubwa wa kukatia chuma. Nimeutundika nyuma ya mlango wa ofisi yangu. Nikiufunga mlango naukuta unanitazama.

Likizo ni Aprili. Nitakuja.

Mjukuu wako


8 Machi

Mume wangu,

Umeandika kwamba ulimwita mara tatu hakugeuka, nawe umeliandika kama kichekesho. Mimi sikucheka. Huyo mzee hasikii.

Sisi tuliokaa na mashine tunajuana. Sikio langu la kushoto nililiacha kwenye mashine za kufulia, na miaka sita hakuna aliyejua. Nilikuwa natazama midomo ya watu, wakicheka na mimi nacheka. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Kaa naye pembeni umuulize, siyo mbele za watu. Akikasirika, ujue nimesema kweli.

Na huo mkasi urudishe. Mtu akikupa kisu, anategemea ukate.

Aprili naiona mbali. Juzi nilipika cha watu wawili kwa kusahau. Nikala vyote viwili, nisije nikaonekana mjinga mbele ya sufuria yangu.

Mkeo


2 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa kuandika. Likizo haitawezekana, kazi ni nyingi. Mzee Hamira anaumwa kidogo, yuko nyumbani, tumepata mtu wa kushika nafasi yake. Meneja amenisifu kwenye mkutano wa wasimamizi wote. Alisema mimi ni kijana ninayejua kuilinda kampuni.

Nimekutumia kifurushi. Utakuta shali, sabuni mbili, na kopo dogo nililolizungushia utepe. Kopo usilifungue, liweke tu chini ya kitanda. Ni vyuma vyangu vya kazi.

Jitunze na baridi.

Mjukuu wako


15 Aprili

Wewe,

Kopo nimelifungua. Ulitegemea nini? Ungeniambia nilifungue, pengine ningelisahau.

Ndani kuna kufuli lililokatwa shingo, limefungwa kitambaa cha njano. Nimekaa nalo mapajani mpaka chai ikapoa. Nikaitoa barua yako ya Februari nikaisoma tena kwa kidole, neno kwa neno. Hakuna anayegusa kufuli la mwenzake, hata kwa utani. Uliandika wewe. Haya, nani amegusa?

Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Anaumwa kidogo ni nini? Mtu mwenye mafua hakatiwi kufuli.

Shali ni nzuri, na sijaivaa. Sijui unanifunika baridi au unanifunika macho.

Mzee yuko hai? Nijibu hilo kwanza, juu kabisa ya karatasi, kabla ya shikamoo.

Bibi yako


29 Aprili

Yuko hai.

Shikamoo, Bibi. Nimeandika barua hii nikaichana mara tatu, kwa hiyo hii ya nne naituma hata ikiwa mbaya.

Nilimuuliza kuhusu masikio, kama ulivyosema. Alikasirika, kama ulivyosema. Kisha akaniomba nisimwambie mtu, kwa sababu mwezi wa sita kampuni inaleta daktari wa kupima watu, na asiyesikia anaondolewa kwenye mashine. Alisema bila ile mashine atakaa nyumbani kutazama ukuta. Nikamuahidi. Tangu siku ile, nikitaka kumwambia kitu, nilikuwa nakwenda kusimama mbele yake.

Ilikuwa Machi 24, saa saba mchana, zamu zinapobadilishana. Tanuri lilikuwa limeshapata moto, magari ya kubebea mikate yamejipanga nje, na mashine imezimwa. Kwenye swichi kulikuwa na kufuli moja tu, lenye kitambaa cha njano. Saa ya Mzee kutoka ilikuwa imepita robo saa. Nikajua ameshasahau tena. Nikamwambia meneja nipe dakika ishirini nimfuate kwake. Alikuwa amesimama nyuma yangu anatazama saa ya mkononi. Akasema, "Una mkasi. Kata."

Niliita mara mbili kuelekea kwenye pipa. Hakujibu mtu.

Bibi, kuna ngazi tatu za kupandia kwenye pipa. Tatu tu. Sikuzipanda. Nilimwita mtu ninayejua hasikii, halafu kimya chake nikakifanya jibu. Hilo ndilo linalonitafuna, kuliko hata mkasi.

Nikakata, nikawasha. Mkono wa mashine haukumaliza mzunguko wa pili. Nilisikia, nikazima. Bega la kulia la Mzee limevunjika, mkono umevunjika sehemu mbili, na mbavu mbili. Kabla watu hawajafika kufuli lilikuwa mfukoni mwangu. Sikumbuki nililitia saa ngapi.

Jioni ile meneja aliniita. Alikuwa na karatasi ya taarifa mbele yake imeshaandikwa. Akasema, "Kufuli halikuwepo, sivyo?" Nikasema ndiyo, halikuwepo. Nikatia sahihi. Kwa maneno hayo Mzee ndiye mvunja sheria. Kampuni haimtibu, na mwisho wa Juni wanampa barua ya kumwachisha kazi.

Hakuna aliyeona, lakini wote wanajua. Wamemjua miaka ishirini, hajawahi kuingia kwenye pipa bila kufuli. Hawaniulizi kitu. Sasa kila anayeingia anapachika makufuli mawili, na mwenzake anabaki amesimama kwenye swichi, mikono kifuani, ananitazama mimi. Nikipita kwenye meza ya chai maneno yanakatika. Na chai yenyewe kila mtu anajinunulia, maana tangu siku ile hakuna aliyesahau kufuli.

Nilikwenda nalo kwenye jalala mara mbili, likanishinda kutupa. Ndiyo nikakuletea wewe. Nisamehe.

Lakini na mimi niseme langu. Uliniambia mkubwa akisema ndiyo niseme ndiyo. Nilisema. Na nikitoa ukweli leo wataniuliza mbona Mzee hakusikia nilipoita, na hapo masikio yake yatajulikana, na mashine ataikosa hata akipona. Kwa hiyo kimya changu kinamlinda na yeye.

Mjukuu wako


6 Mei

Mume wangu,

Nimesoma, nimelia, nimenawa uso. Sasa tuzungumze.

Ulilosema juu yangu ni kweli. Yale maneno nilikupa mimi, na yalikuwa yameoza siku ile ile niliyokupa. Ngoja nikwambie nilikoyatoa.

Unamkumbuka mama wa mlango wa tatu, mwenye paka wengi? Ulikuwa ukimwamkia hajibu, nami nikakwambia muache, ana kiburi. Hana kiburi. Tulifanya kazi pamoja miaka kumi na minne, shuka moja watu wawili, yeye pembe hii mimi pembe ile, tunaliingiza kwenye roli la moto la kupiga pasi, lile gogo la chuma linalozunguka. Tulikuwa tunajua kupumua kwa kupokezana. Siku moja msimamizi wetu akaamuru tusilizime roli tukilisafisha, tulisafishe linazunguka, kwa sababu wodi zinangoja. Tukasafisha. Mkono wake ukaingia.

Wakubwa walipokuja kuuliza nani aliamuru lisizimwe, yule msimamizi alinitazama mimi. Wewe ulikuwa na miaka mitatu. Mama yako tumemzika hata arobaini hazijafika. Nikasema sikusikia mtu akiamuru kitu. Nikawaambia nina sikio bovu. Sikio nililolificha miaka sita, siku hiyo nililitoa hadharani, likanifaa.

Yeye akafukuzwa kwa uzembe. Mimi nikabaki, nikakulea kwa mshahara ule. Miaka ishirini na minane tunapishana mlangoni na ndoo zetu, hajanitukana hata mara moja. Laiti angenitukana.

Barua yako ilipofika nilivaa nguo ya kutokea nikaenda kwake. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama nje, sikukaribishwa. Alisikiliza mpaka neno la mwisho. Akasema, "Umechelewa, shoga." Akafunga mlango polepole, wala hakuubamiza.

Mzee wako mkono bado uko kwenye plasta. Wewe hujachelewa. Mimi naishi huko upande wa pili wa kuchelewa, na nakwambia huko hakuna mtu.

Hayo ya kwamba kimya chako kinamlinda, yaache. Usimfanye mzee wa watu mwavuli wako. Masikio ni yake, akitaka atayasema, akitaka atakaa nayo. Wewe sema mkono wako ulifanya nini. Na usiende kunong'ona ofisini. Anza kwake, kitandani kwake. Kisha waambie wale ishirini na sita, kwa sababu wao ndio wanaoingia kwenye pipa. Meneja awe wa mwisho. Ukianza naye atakupa karatasi nyingine ya kutia sahihi.

Kufuli nakurudishia ndani ya kopo lile lile. Ningeweza kulituma kwa wakubwa zako, jina la kiwanda liko kwenye bahasha zako zote. Sitakusemea. Nikikusemea mimi, Mzee atapata haki yake, lakini wewe nitakuwa nimekupoteza.

Jua ya kwamba siku zote hizi sijakuchukia hata kwa muda wa kupepesa jicho. Nimekasirika, ndiyo. Hayo ni mambo mawili.

Bibi yako


1 Juni

Bibi,

Shikamoo. Nimesema.

Kwa Mzee nilikwenda Jumapili. Anakaa na bintiye sasa, ambaye ni mshonaji. Binti alinifungulia akabaki amesimama kichwani mwa kitanda muda wote, mkasi wake wa kitambaa mkononi, sijui alikuwa amesahau kuuweka chini au hakusahau. Nilipiga magoti mahali ambapo Mzee angeuona mdomo wangu. Nikaweka kufuli juu ya shuka.

Alilitazama sana. Kisha akasema, "Ulijua sisikii."

Nikasema, "Nilijua."

Akakifungua kitambaa cha njano, kwa mkono wa kushoto na meno, kikamchukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akakitia kwenye mfuko wa shati. Kufuli akanisukumia. Akaniambia kitambaa ni chake, hicho chuma nikipeleke kinakohusika. Hakuniambia amenisamehe, na mimi sikuuliza.

Jumatatu saa saba, zamu zote mbili zikiwepo, nilipanda kwenye ngazi ya pili ya pipa nikawaambia. Nilifikiri watapiga kelele. Hawakupiga. Mama mmoja wa upande wa kufungasha, ambaye huwa ananitania kuhusu kuoa, ndiye pekee aliyeuliza. Alisema, "Na mimi ningekuwa ndani, ungekata?"

Nilitaka kusema hapana. Nikasema siku ile, ndiyo, ningekata.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa ni saa ngapi. Wakarudi kazini.

Meneja alisema hakutoa amri yoyote, alisema aliniacha nitumie akili yangu. Wakubwa wamemwamini, au wameona ni nafuu kumwamini. Lakini kufuli lilikuwa mezani mbele yao, na ile taarifa wameichana. Mzee anatibiwa na kampuni, barua ya kumwachisha haipo tena. Masikio aliyasema mwenyewe. Akipona atakuwa kwenye mizani, kupima unga. Nilisikia alisema mizani haipigi kelele, afadhali.

Mimi usimamizi umekwisha. Wamenipa mambo mawili nichague kabla ya tarehe kumi na tano. Niondoke kimya kimya, na watanipa barua nzuri ya kunisifu niende nayo popote. Au nibaki nikibeba magunia, pale nilipoanzia, chini ya watu wale wale.

Bibi, nataka kuja nyumbani. Asubuhi naingia, natundika koti, nasikia jinsi wanavyonyamaza. Si kwamba wananichukia, ningeweza kuvumilia chuki. Wananipisha, kama mtu anavyolipisha gari. Jana chai nilikunywea stoo, nimesimama katikati ya magunia, na nilikuwa naona aibu hata kumeza kwa sauti. Nilidhani nikisema ukweli kitu kitafunguka. Hakuna kilichofunguka.

Sina mtu hapa. Wewe nawe huna mtu huko. Tunafanya nini, kila mmoja na ukuta wake?

Niambie njoo. Ukiniandikia neno hilo moja, nitafika Ijumaa ya tarehe kumi na tisa.

Mjukuu wako


9 Juni

Mwanangu,

Leo sikuiti mume. Utani uko mbali kidogo.

Nilipofika pale ulipoandika njoo, niliiacha barua mezani kabla ya kuimaliza nikaenda kutandika kitanda chako. Blanketi nikalitoa juani, nikalipiga fimbo mpaka majirani wakachungulia. Nikahesabu siku mpaka Ijumaa kwa vidole, nikaona mikono miwili inatosha, nikacheka kama mwehu. Halafu nikakaa juu ya kitanda hicho, nikakaa sana. Blanketi nimelikunja tena.

Usije.

Wewe unaona hakuna kilichofunguka. Mzee anatibiwa, hilo si kitu? Lakini najua unasema nini. Ulitaka wakukumbatie. Kwa nini wakukumbatie? Umewapa ukweli, na ukweli ulikuwa mali yao, umewarudishia. Mtu akikurudishia ndoo yako humchezei ngoma.

Sasa fikiri. Ukiondoka na hiyo barua nzuri, watakaobaki watajifunza nini? Watajifunza kwamba wakubwa wakikosea hupewa sifa na nauli. Na watakaa na makufuli yao mawili mawili, macho kwenye swichi, mpaka wazeeke. Ulitoa kitu mle ndani, nacho hakirudishwi kwa posta. Kinarudi kwa wao kukuona. Leo amebeba gunia. Kesho amebeba gunia. Amesema hili, likawa hili. Ni kazi ya kuchosha na haina shahada. Mimi sikuifanya. Nilikuwa na miaka ishirini na minane ya kuifanya, milango mitatu tu kutoka kwangu, nikaona ni mbali.

Chai usinywee stoo. Inywe pale pale mezani pao, hata wakinyamaza. Wasalimie. Yule mama akikuuliza swali, mjibu kama ulivyomjibu. Nilipolisoma jibu lile nilisimama peke yangu hapa chumbani. Sikujua nimelea mtu wa namna hiyo. Magunia hayatakushinda, mgongo wako ni wa kwangu.

Nisikilize vizuri kwa hili. Si kwamba sikutaki. Nakutaka mpaka najionea haya, mwanamke mzima. Ukinibishia hodi Ijumaa nitakufungulia kabla hujamaliza kubisha. Nitakupikia, nitakwambia hukukosa, walikosa wao, nitakwambia dunia ni mbaya lala. Nitasema hivyo huku najua naongopa, na wewe utaniamini kwa sababu umechoka, na tutakaa hivyo wawili, tumejificha kila mmoja nyuma ya mwenzake, mpaka mmoja wetu afe. Mbele yako mimi sina akili. Kwa hiyo nakuomba usinijaribu.

Baki. Ipo siku mtu mmoja hapo, mmoja tu, atapachika kufuli lake, atageuka atafute wa kumsimamia kwenye swichi, na hatakuwepo mwingine ila wewe. Atakutazama. Pengine atasita. Kisha ataingia.

Siku hiyo niandikie, hata kama ni mistari miwili, nami nitakuandikia lile neno unalolitaka.

Mimi nitangoja. Kungoja nakuweza.

Bibi yako